Pamba, Sangara na Reli ya Kisasa: Mwanza Katika Njia Nyingi za Viwanda

MWANZA – Kipande cha Reli ya Kisasa (SGR) kati ya Mwanza na Isaka, chenye urefu wa kilomita 341 zikijumlishwa njia za kupishania treni, kimo katika ujenzi tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipokiwekea jiwe la msingi mwezi Juni 2021. Juni 19, 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, na kuhitimisha enzi ya magari kusubiri kivuko kwenye Ghuba ya Mwanza. Mwezi uliofuata ikazinduliwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Kwa mwananchi wa Mirongo, kata ya katikati ya Jiji la Mwanza yenye jina la mto unaopita mjini kuelekea ziwani, matangazo hayo matatu yanakutana katika neno moja: viwanda.

Neno hilo limezoeleka kiasi kwamba hutamkwa kana kwamba kila nchi iliyofika huko ilipita mlango uleule, na kwamba aliyechelewa anatakiwa kuongeza mwendo tu. Historia haisemi hivyo. Pamba, zao ambalo Kanda ya Ziwa inalijua kuliko sehemu nyingine yoyote ya Tanzania, ilikuwa miongoni mwa misingi ya viwanda vya Uingereza, vya India, vya Japani na vya Mwanza yenyewe. Na kila mahali ilizaa jambo tofauti. Ilitegemea nani aliyeshika hatua iliyo kati ya shamba na nguo.

Uingereza, ambako vitabu vingi huanzia simulizi hii, haioti pamba. Mwaka 1771 Richard Arkwright alijenga huko Cromford kiwanda cha kusokota nyuzi kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Baadaye mvuke wa makaa ya mawe ukaikusanya kazi hiyo Manchester na miji jirani. Malighafi ilivuka bahari, sehemu kubwa ikitoka kusini mwa Marekani ambako ililimwa na watumwa. Na kabla ya mashine hizo kuwepo, Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kuvibana vitambaa vya pamba vya India kwa sheria za mwaka 1700 na 1721. Taifa ambalo baadaye lilihubiri soko huria lilianza, kwa maneno mengine, kwa kufunga mlango wake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata njia ya pamba, wafanyakazi wengi wa Lancashire walikosa kazi. Tangu hapo wenye viwanda hawakuisahau hatari ya kutegemea chanzo kimoja. Mwaka 1902 waliunda chama cha kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni ya Uingereza. Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika, walikuwa na hofu hiyohiyo na mpango unaofanana. Ndivyo ufukwe wa kusini wa Ziwa Victoria ulivyoingizwa katika mfumo wa viwanda vya dunia: kama shamba.

Haimaanishi kwamba ufukwe huo ulikuwa ukimsubiri mgeni ili ujue kuzalisha. Huko Katuruka, mkoani Kagera, wanaakiolojia wameonyesha kwamba wafua chuma wa kale waliyeyusha chuma katika matanuri yaliyopuliziwa hewa iliyopashwa moto kwanza ndani ya mifereji ya udongo; utafiti huo ulichapishwa mwaka 1978 na kubadili namna dunia ilivyoitazama teknolojia ya Afrika. Kusini mwa ziwa, katika maeneo ya Uzinza na Geita, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Jembe lilikuwa zana na lilikuwa pia mali: lilibadilishwa kwa mifugo, lilitolewa mahari, lilisafirishwa hadi Unyanyembe. Kazi hiyo haikufa kwa kukosa maarifa. Majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yaliingia kwa wingi na kwa bei ambayo mfua chuma anayechoma mkaa wake mwenyewe hakuweza kuimudu.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Kwa zaidi ya robo karne mzigo wa Mwanza ulipanda meli, ukavuka ziwa, ukaishia bandari ya Mombasa. Ni mwaka 1928 ndipo reli ya Tabora ilipofika Mwanza na kuiunganisha na Dar es Salaam. Reli zote mbili zilibeba pamba, na hakuna hata moja iliyoleta kiwanda cha nguo wakati huo. Sababu yake iko kwenye pamba yenyewe. Kilo 100 za pamba mbegu, yaani pamba kama inavyotoka shambani, hutoa takribani kilo 35 hadi 40 za pamba nyuzi. Nyingi ya zinazobaki ni mbegu. Kusafirisha mbegu hizo hadi ng'ambo ni hasara, hivyo kinu cha kuchambua pamba lazima kikae karibu na mkulima. Nyuzi zikishafungwa marobota, zinaweza kwenda popote, na reli huzifanya ziende mbali zaidi kwa gharama ndogo. Ndiyo maana Usukuma ilipata jineri mapema, na ikasubiri kiwanda cha kusokota na kufuma hadi baada ya Uhuru.

Jineri hizo zilimilikiwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia, ambao pia walikuwa wanunuzi. Manung'uniko yalianzia kwenye mizani. Mkulima aliyetembea na mzigo wake kutoka kijijini hakuwa na njia ya kuhakiki uzito aliosomewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Vuguvugu hilo, likiongozwa na Paul Bomani, likakua na kuwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 shirikisho lilianza kuendesha jineri yake huko Kasamwa, Geita, kisha likaongeza nyingine. Wakati wa Uhuru lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika, na Bomani akawa Waziri wa Fedha wa nchi mpya.

Jambo hili halitajwi vya kutosha pale inapozungumzwa historia ya viwanda. Manchester mashine zilikuwa za wafanyabiashara na wenye mitaji. Japani, kama itakavyoonekana, dola ndiyo iliyotangulia. Mwanza, hatua ya kwanza ya kiwanda ilichukuliwa na wakulima wenyewe, watu waliozoea kulima kwa vikundi vya zamu na kushindana kwa ngoma katika pande mbili za Bagika na Bagalu. Jamii iliyojua kujipanga bila bosi. Mtaji wao ulikuwa makato ya kila kilo. Ilikuwa njia halali na ya asili yake, si nakala iliyokosewa ya njia ya mtu mwingine.

Ilikuwa pia na udhaifu wake, na si haki kuuficha. Chombo kilikua haraka kuliko hesabu zake. Malalamiko ya usimamizi mbaya yalisababisha Serikali kuunda tume ya kuchunguza ushirika mwaka 1966, na muda mfupi baadaye shirikisho likageuzwa kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na ununuzi wa pamba ukaachwa kwa mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mageuzi ya mwaka 1994 yakafungua soko kwa wanunuzi binafsi, na Nyanza ikaingia katika ushindani huo ikiwa na madeni mazito. Mkulima aliyeanza msimu wake wa kwanza mwaka 1955 alishuhudia mmiliki wa jineri akibadilika mara nne kabla hajazeeka. Hakuna kiwanda, popote duniani, kinachojenga ustadi katika hali hiyo.

Hatua ya pili, ya kusokota na kufuma, ilifika mwishoni mwa miaka ya 1960, na ilifika kwa sura mbili. Mwanza kulijengwa Mwatex, kiwanda kilichobuniwa na wataalamu wa Ulaya kwa mashine zilizojiendesha kwa kiwango kikubwa. Dar es Salaam, mwaka 1968, kulifunguliwa Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China kwa mashine nyepesi zaidi zilizohitaji mikono mingi. Wachumi waliovilinganisha katika miaka ya 1970 walibaini kwamba kwa uzalishaji unaokaribiana, Urafiki kiliajiri watu wengi zaidi na kilihitaji wataalamu wachache wa kigeni wa gharama kubwa. Nchi moja, muongo mmoja, pamba ileile, na viwanda viwili vyenye maana mbili tofauti kwa kijana anayetafuta kazi.

Ng'ambo ya ziwa hali ilikuwa tofauti tena. Jinja, nchini Uganda, ilitangulia kupata umeme: Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954, na kiwanda cha nguo cha Nytil kikajengwa kando yake. Kisumu ilikuwa na Kicomi. Miji mitatu, ziwa moja, viwanda vitatu vya pamba. Na vyote vitatu vilitikisika. Jinja iliumizwa na misukosuko ya utawala wa Idi Amin, Kisumu na kufunguliwa kwa soko. Mwanza, iliyotegemea kwa muda mrefu umeme wa mitambo ya mafuta, iliumizwa na uhaba wa fedha za kigeni za kununulia vipuri na mafuta katika miaka ya 1980. Mashine ya kisasa kabisa inayosimama wiki sita ikisubiri kifaa kutoka ng'ambo haina faida kuliko ya zamani inayotengenezeka mtaani. Kisha yakaja mitumba, na vitenge vya bei nafuu kutoka Asia. Mwatex ilibinafsishwa, lakini haikurudi kuwa mwajiri mkubwa ambaye mji ulimkumbuka.

Ni hapa ambapo mfano wa Japani unafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu hutajwa sana na kueleweka kidogo. Mwaka 1872 Serikali ya Japani ilifungua kiwanda cha hariri cha Tomioka, kikiwa na mitambo na wataalamu wa Kifaransa. Kilikuwa ghali na kwa muda mrefu hakikuwa na faida ya kutosha. Lakini wasichana waliofunzwa pale walirudi mikoani kwao na ujuzi, na huko mafundi wakatengeneza mashine zinazofanana nazo kwa mbao, pale Wafaransa walipotumia chuma. Katika muongo huohuo Mjapani mmoja, Gaun Tokimune, alibuni mashine ya kusokota pamba iliyoendeshwa kwa gurudumu la maji, ya bei ambayo mwanakijiji aliweza kuimudu. Tomioka yenyewe iliuzwa kwa kampuni binafsi ya Mitsui mwaka 1893. Kilichoifaa Japani zaidi ya faida ya Tomioka ni watu waliotoka humo wakiwa wanajua kuitengeneza upya.

Bangladesh ilianzia mwisho wa mnyororo. Mwaka 1979 kampuni ya Desh iliwapeleka wafanyakazi 130 kufunzwa katika kiwanda cha Daewoo nchini Korea Kusini. Waliporudi, wengi wao hatimaye walianzisha au kusimamia viwanda vyao wenyewe vya kushona nguo za kuuza nje. Nchi hiyo hulima pamba kidogo sana. Ilianza na sindano, ikashuka polepole kuelekea kwenye nyuzi. Tanzania inayo pamba, na bado sehemu kubwa ya pamba nyuzi yake husafirishwa nje kabla ya kusokotwa. Kuwa na malighafi ni nafuu. Si sababu ya kutosha ya kuwa na kiwanda.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga mlango kama Uingereza ya mwaka 1721. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijaribu: mwaka 2016 viongozi wake waliafikiana kuondoa mitumba sokoni ifikapo mwaka 2019. Marekani ilitishia kuondoa unafuu wa ushuru wa AGOA. Nchi nyingi zikalegeza msimamo, na Rwanda, iliyoshikilia uamuzi huo, ikasimamishiwa unafuu wa nguo mwaka 2018. Zana iliyotumiwa na waliotangulia haikuwa tena mikononi mwa waliofuata. Na kwa mama anayeuza mitumba sokoni, ushuru huo si hoja ya vitabuni. Ni mtaji wake wa asubuhi.

Mwanza imewahi kupata kiwanda ambacho hakikupangwa na mtu yeyote. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, alizaliana hadi kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajipanga ufukweni na ndege za mizigo zikatua mjini. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa ziwa kwa sababu za afya. Pigo lilikuwa kubwa, lakini lililazimisha mialo, maabara na ukaguzi kuboreshwa, na hiyo ni elimu ya kiwanda iliyobaki. Kando yake ulikua uchumi wa pili: mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu, vilivyokaangwa na kuuzwa na wanawake kwa wenye kipato kidogo. Minofu ilipaa, panki ikabaki. Idadi ya sangara ilipopungua, viwanda kadhaa vilipunguza kazi au kufungwa, wakati biashara ya dagaa, inayoanikwa kwa sehemu kubwa na wanawake juu ya mchanga, ikiendelea bila mashine nyingi. Kichanja bora cha kuanikia dagaa, kinachopunguza mchanga na hasara ya msimu wa mvua, huenda kikagusa kaya nyingi kuliko mtambo mmoja wa minofu. Si habari ya kukata utepe, lakini ni kiwanda.

Kwa kipimo hicho, miradi ya leo inaweza kusomwa kwa maswali yaliyo wazi zaidi. Kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Mwanza, kilichozinduliwa Juni 2021 kwa uwezo wa kilo 480 kwa siku na ambacho STAMICO ina hisa, kinashika hatua ambayo zamani ilifanyika ng'ambo; swali ni iwapo mchimbaji mdogo wa Geita anaona tofauti ya bei kwenye mizani, mahali palepale manung'uniko ya pamba yalipoanzia. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaondoa sehemu ya kisingizio cha umeme ambacho Mwatex ilikuwa nacho kwa haki. Reli ya Kisasa, itakapofika, itashusha gharama ya kusafirisha robota hadi bandarini. Itashusha vilevile gharama ya kuleta kitenge cha kiwandani kutoka bandarini hadi Mwanza. Reli haichagui upande. Ya mwaka 1928 haikuchagua.

Upande huchaguliwa na mambo yasiyoonekana kwenye picha za uzinduzi: bei ya umeme kwa kiwanda cha kusokota, mkopo wa muda mrefu kwa jineri inayotaka kukamua mafuta ya mbegu na kuuza mashudu kwa wafugaji wa Simiyu na Shinyanga, karakana za SIDO zinazoweza kuchonga kipuri kwa siku mbili, vyuo vya ufundi vinavyotoa watu wa kuifungua mashine na kuirudisha, na vyama vya msingi vya ushirika ambavyo hesabu zake mkulima anaweza kuzisoma. Waliofanikiwa kwingineko walifanya hayo kwa mpangilio wao, si kwa mpangilio wa jirani.

Liko jambo moja ambalo Mwanza haiwezi kabisa kuliiga kwa Manchester. Kiwanda cha nguo hakiishii kwenye kufuma. Kitambaa huoshwa, hupaushwa na kutiwa rangi, na kazi hizo hula maji mengi na kuyarudisha yakiwa machafu. Mto Irwell wa Manchester uligeuka mweusi, kiasi kwamba Bunge lilitunga sheria ya uchafuzi wa mito mwaka 1876, na mwaka 1894 mji ulianza kuletewa maji ya kunywa kutoka ziwa la Thirlmere, umbali wa kilomita 150 hivi. Manchester ilikuwa na ziwa jingine la kukimbilia. Mto Mirongo, ambao tayari unabeba taka za mji kila mvua inaponyesha, unaishia katika Ziwa Victoria, na Mwanza inachota maji yake ya kunywa katika ziwa hilohilo: kwa miaka mingi pale Capri Point, na sasa pia kwenye chanzo cha Butimba, kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku.